Indecopi ya Peru ingefanya nini Kasumbalesa?

Juzi nilikuwa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, napimiwa unga wa mahindi, nikakuta mama muuzaji na mteja wake wako kwenye mabishano, na si ya kupunguziana bei, hapana, walikuwa wanabishania nani anaipandisha. Mteja anasema ni ba patron ya madepo, wenye maghala, wanapigiana simu asubuhi, wanaambiana leo mfuko tunautoa kwa ngapi, halafu wote wanashika bei ileile. Mama akakataa kabisa. "Bei inapandia ku mupaka, haina hapa. Hesabia kamyo inalipa wapi na wapi, utachoka vidole." Mimi mdomo wangu haujui kukaa, nikaingia, nikasema ziko nchi zenye ofisi ya kupelekea maneno kama hayo, yote mawili, la depo na la mpaka wetu na Zambia pale Kasumbalesa, ofisi moja tu. Kijana aliyekuwa anabeba mifuko akanitupia jicho. "Biro ingine tena, papa? Njo tutalipa na kule."

Walicheka wote, na mimi nikacheka, lakini jibu la yule kijana limekataa kunitoka kichwani. Maana yeye hajasoma sheria hata moja na bado alishika hoja kubwa kuliko zote dhidi ya kile ninachotaka kukiandika hapa: kwetu kila ofisi ya Leta (yaani dola, serikali), hata iliyozaliwa kwa nia njema, inaishia kuwa mdomo mwingine wa kulisha. Basi nitajaribu kumjibu, polepole, na sitajifanya sina upande.

Ofisi niliyokuwa naiwaza ni Indecopi ya Peru. Ilizaliwa Novemba 1992, na kuzaliwa kwenyewe hakukuwa kwa baraka nyingi: Aprili mwaka huohuo rais Fujimori alikuwa amefunga bunge, kwa hiyo Indecopi ilitoka kwa amri ya serikali tu, bila mbunge yeyote kuinua mkono. Nchi ilikuwa inatoka kwenye shimo, mfumuko wa bei mwaka 1990 ulipita asilimia 7,000 (sisi tulioona zaire, pesa ya enzi ya Mobutu, ikiyeyuka mkononi hatuhitaji kuelezwa hiyo ni nini), na serikali ikaamua kuachia bei, kuacha kupanga mkate utauzwa ngapi na mafuta ngapi. Lakini ukiachia bei lazima mtu akae mlangoni aangalie wafanyabiashara wasigeuke wao ndio wapangaji. Huyo mtu wakamfanya mmoja, wakamrundikia kazi zote: kuzuia kampuni kupatana bei kwa siri, kulinda mteja, kuangalia matangazo ya uongo, kufilisi kampuni zilizokufa, na papohapo, chini ya paa lilelile, kutoa breve za uvumbuzi (ndugu zetu wa Tanzania wanaziita hataza), kuandikisha alama za biashara na kulinda haki za waandishi na wanamuziki. Na kazi moja zaidi ambayo nitairudia baadaye, juu ndiyo iliyonifanya niandike.

Sisi tuna nini? Wanaofuata mambo haya wanajua, nitapita haraka. Tuna sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, iliyokuja kuchukua nafasi ya ile amri ya bei ya mwaka 1961, na sheria hiyo ndiyo inaileta tume ya ushindani, COMCO, chini ya ministeri ya Uchumi. Breve ziko upande mwingine kabisa, ministeri ya Viwanda, kwa sheria ya Januari 1982. Juu yetu kuna tume ya ushindani ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) kule Lilongwe, imeanza kazi Januari 2013, ila muulize mtu yeyote pale soko la Kenya, Lilongwe ni wapi. Na jirani yetu wa kusini, Zambia, amegawanya kazi vizuri: CCPC inashughulika na ushindani na haki za mteja, PACRA inaandikisha kampuni na breve. Ofisi mbili, milango miwili.

Sasa wapinzani wa paa moja. Wana hoja, tena nzuri, na wengi wao ni watu nawaheshimu.

Ya kwanza wanasema ni kinyume cha akili. Breve ni kufuli: Leta inakupa miaka 20 peke yako, mwingine asiguse. Ushindani ni nyundo ya kuvunja makufuli. Mtu mmoja atashikaje vyote viwili, asubuhi anafunga, jioni anavunja? Mimi naona hoja hii inapendeza zaidi ikisemwa kuliko ikifanyiwa kazi, kwa sababu ndani ya Indecopi wanaotoa breve ni kurugenzi moja na wanaoshika kesi za kartele (kampuni zinazopatana bei kwa siri) ni tume nyingine, wana mlango wao na waamuzi wao, na ukishindwa unakata rufaa kwenye baraza la ndani kabla ya kufika mahakamani. Na tena ni nani anajua vizuri zaidi kufuli fulani limefungwa kwa haki ama limefungwa ili kuwatesa watu, kama si yule aliyelitoa? Lakini sawa, tuwaachie nusu ya pointi.

Ya pili ni pesa. Indecopi kwa miaka mingi imeishi sehemu kubwa kwa ada inazotoza na faini inazopiga, na ofisi inayokula faini, wanasema, itatafuta faini. Hapa siwezi kubishana sana. Mtu wa Lubumbashi kabisa ndiye asibishane. Tumeona huduma ngapi zimegeuka hivyo, anayekukagua ndiye anayeandika amande (faini), anayeandika ndiye anayepokea, anayepokea ndiye anayehesabu?

Ya tatu ni mkono wa wakubwa: Indecopi iko chini ya ofisi ya waziri mkuu wao, na wakuu wake wanateuliwa na serikali. Serikali ikibadilika (na Peru zinabadilika kama mvua ya Aprili), mkuu anaweza kubadilika.

Halafu ya nne, ambayo ndiyo wanaipenda, ni kesi ya mafarmasi. Hii nataka nikae nayo kidogo, juu kila nikisoma watu wakiitumia kuipiga Indecopi naona wanasoma nusu ya hadithi.

Iko hivi. Kati ya Januari 2008 na Machi 2009 minyororo mitano ya mafarmasi ya Peru ilipatana bei. Si bei ya manukato, bei ya dawa na vitu vinavyoendana na dawa, vyote pamoja 36. Inkafarma, Mifarma, Fasa, Arcángel na Nortfarma. Mgonjwa anatoka farmasi moja anasema hapa ghali, anavuka barabara kwenda ya pili, kule nako bei imepanda, anadhani ndiyo soko lilivyo, kumbe ni watu wamekaa wakaelewana. Indecopi ilikuja kuwapiga faini Oktoba 2016. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka saba tangu mchezo uishe. Na faini yote kwa jumla ilikuwa kama soli milioni 9, kwa dola za wakati ule ni milioni mbili na nusu na kidogo. Gawanya kwa kampuni tano.

Ngoja, haijaisha. Januari 2018, hata miaka miwili haijapita, kikundi chenye Inkafarma kikanunua kampuni inayoitwa Quicorp, na ndani ya Quicorp kulikuwa na nani? Mifarma. Na Fasa. Na Arcángel. Yaani majina yaliyokuwa yamepigwa faini kwa kuelewana kwa siri sasa hayakuhitaji siri tena, yamekuwa nyumba moja, yanaweza kupanga bei mezani kwao mchana kweupe na sheria haina la kusema. Bei ya kununua: dola milioni 583. Nimeirudia hiyo namba mara nyingi usiku. Milioni 583 upande mmoja, milioni mbili na nusu upande mwingine. Faini yote haifiki hata sehemu moja ya mia mbili ya pesa ya kununua. Yule aliyepanga bei za dawa angeweza kulipa faini ile mara mia mbili na bado zikabaki. Na Indecopi? Ilitazama tu. Haikuwa na uwezo wa kuzuia, maana sheria ya Peru wakati ule ilikuwa inalazimisha kuomba ruhusa ya kuungana kwenye sekta ya umeme pekee. Kampuni za umeme zikioana lazima zipite kwa Indecopi. Kampuni za dawa zikioana, harusi njema.

Wapinzani wanasimama hapo. Wanasema, umeona? Miaka ishirini na tano ya ofisi kubwa, wanasheria, wachumi, jengo zuri Lima, na mwisho wake dawa zote ziko kwenye mfuko mmoja. Sasa nyie Wakongomani mnataka kuiga nini?

Lakini endelea kusoma. Wananchi wa Peru walikasirika, na hasira yao ilijua pa kwenda. Hii ndiyo sehemu ambayo inanigusa mimi. Watu walijua kulikuwa na kartele kwa sababu kulikuwa na uamuzi ulioandikwa, wenye majina, wenye miezi, wenye orodha ya vitu 36, karatasi ya Leta yenyewe inasema fulani na fulani walikuibia. Kwa hiyo Quicorp iliponunuliwa hakuna aliyeweza kuwaambia ni porojo za sokoni. Kelele zikaenda bungeni, zikazunguka, zikapita kwenye amri moja ya 2019, na Januari 2021 ikatoka sheria namba 31112, ikaanza kazi Juni mwaka huo: sasa kampuni kubwa zikitaka kuungana, za sekta yoyote, lazima zipite kwa Indecopi kwanza. Imechelewa, ndiyo. Farasi alishatoka zizini. Lakini mlango umewekwa, na umewekwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika farasi alitokea wapi.

Linganisha na lile bishano langu la sokoni. Mteja ana hakika ni madepo. Mama ana hakika ni mpaka. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, wote wawili wanaweza kuwa wanakosea, na hakuna karatasi hata moja ya kuwaamua. Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame na mahindi yakaadimika, bei ya unga hapa ilipaa, na ni halali bei ipae mzigo ukikosekana, hakuna tume duniani inayoweza kuamuru mvua. Ila ni nani kati yetu anaweza kusema katika kupaa kule kiasi gani kilikuwa ukame, kiasi gani kilikuwa watu kupigiana simu, kiasi gani kilikuwa mlolongo wa mpakani? Hatujui, na tusipojua tunabaki kulaumu yule aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni mama mwenye kopo la kupimia.

Kuna wanaosema kartele ni ugonjwa wa nchi tajiri, huku kwetu biashara ni ndogondogo, nani atapatana na nani. Mimi nacheka. Peru hao hawakuwa wanashika kampuni za ndege tu, walishika karatasi ya choo. Kweli, karatasi ya choo! Kimberly-Clark na Protisa walikaa wakielewana bei kuanzia 2005 hadi 2014, na zilipofika 2017 Indecopi ikatoa uamuzi, na kilichowaangusha ni ule utaratibu wa msamaha, anayekuja kuungama anapunguziwa ama anafutiwa faini, basi wakaja wenyewe na ushahidi. Ni ujanja wa ajabu ukifikiria: unawafanya wezi waogopane. Na gesi ya kupikia hivyohivyo, ile mitungi ya mama wa nyumbani. Vitu vyenyewe ni vya kila siku, vya kununua kidogokidogo, ambavyo mteja hana muda wa kuvitolea mahesabu. Unga wetu, saruji, mafuta ya kula, kuku wa barafu, hivyo vyote vinapita kwenye mikono michache kabla havijafika kwenye elfu ya vimeza vya sokoni. Wauzaji ni wengi kweli, waagizaji wangapi?

(Katikati ya mambo mazito wana na vichekesho. Februari 2018 walizilazimisha sinema mbili kubwa, Cineplanet na Cinemark, ziwaachie wateja waingie na bisi zao walizonunua nje. Kuna waliosema ofisi ya Leta haina kazi. Mimi ningelipa tiketi kuona tu sura ya meneja siku ile.)

Haya, nimefika kwenye ile kazi niliyoahidi kuirudia, na hapa sitajificha, hii ndiyo sababu yangu yote.

Indecopi ina tume ndani yake ambayo kazi yake si kuchunga wafanyabiashara, kazi yake ni kuichunga Leta. Wao wanaita vizuizi vya kiofisi. Manispaa imebuni kibali ambacho hakiko kwenye sheria, ministeri imeongeza karatasi ya saba ambapo sheria inataka tatu, mji umeamua tu kwamba maduka ya mtaa fulani yasifunguliwe bila ada fulani: mfanyabiashara anapeleka malalamiko, na tume ikiona kizuizi hakina msingi wa sheria inakiondoa. Amri ya Desemba 2016, namba 1256, iliongezea meno: kizuizi kikionekana si halali kinaweza kuondolewa kwa wote, si kwa yule aliyelalamika peke yake. Na ofisa anayeendelea kukitumia baada ya hapo anaweza kupigwa faini. Yeye. Ofisa mwenyewe.

Soma tena hiyo, halafu fikiria Kasumbalesa.

Sisi tuna amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002. Inasema huduma za Leta zinazoruhusiwa kukaa mpakani ni nne: forodha, uhamiaji, OCC (wakaguzi wa bidhaa) na afya ya mipakani. Nne. Imeandikwa, imesainiwa, iko. Sasa nenda ukasimame Kasumbalesa, hesabu. Sitakutajia idadi kwa sababu kila anayehesabu anapata idadi yake, na wiki ijayo ni nyingine, lakini dereva yeyote wa kamyo atakucheka ukimwambia nne. Amri ina zaidi ya miaka ishirini, serikali ngapi zimepita zikiirudia kwenye mikutano, mawaziri wangapi wamekuja na jaketi za kuakisi mwanga wakasema kuanzia leo ni nne. Na kesho yake?

Tatizo letu halijawahi kuwa kukosa sheria. Tatizo ni kwamba mama wa unga, ama patron wa kamyo, ama chama cha madereva, hana mlango hata mmoja wa kugonga na karatasi yake akasema: huyu hapa ni wa tano, sheria inasema wanne, mwondoeni, na nijibuni kwa maandishi mbele ya siku fulani. Anaweza kwenda mahakamani, ndiyo, achukue avoka, angoje. Nani anafanya hivyo kwa ajili ya karatasi ya franka kidogo kwa kila safari? Kila kizuizi ni kidogo. Ndiyo maana hakishtakiwi. Na vyote pamoja vinapanda kwenye mfuko wa kilo 25, vinaingia mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Ruashi, vinaingia kwenye bukari (ugali).

Na hili linagusa ushindani moja kwa moja, si jambo la pembeni. Mwenye kamyo mia mbili ana mtu wake mpakani, ana makaratasi yake yamepangwa, ana namba ya simu ya mkubwa. Vizuizi vinamkwaruza tu. Mwenye kamyo moja ya kukodi vinamla nyama. Baada ya miaka michache mdogo anaacha, na wanaobaki ni wachache, na wachache ndio wanaoweza kupigiana simu asubuhi. Kwa hiyo yule mteja na yule mama wa sokoni walikuwa wanaeleza ugonjwa mmoja, mmoja ameshika mkia, mwingine ameshika sikio. Mpaka mrefu unazaa madepo machache. Ndiyo maana naipenda ile hesabu ya Peru ya kuviweka chini ya paa moja: anayechunguza kwa nini waagizaji ni wachache anaweza kufungua mlango wa chumba cha pili akauliza, je, ni sisi Leta tuliowaua wengine?

Na Leta ikiamua kulinda wa ndani, nani anahesabu? Agosti 2024 mnakumbuka, huku kwetu bia na soda za Zambia zikapigwa marufuku, kule madereva wakaandamana, Zambia ikafunga mpaka siku chache. Wengine walishangilia, viwanda vyetu vipumue. Inawezekana. Mimi sisemi kulinda viwanda ni dhambi, kazi za vijana wa hapa ni kazi. Nasema tu hakukuwa na mtu wa Leta mwenye kazi ya kusimama na kusema: kizuizi hiki kitamfaidisha huyu kwa kiasi hiki, kitamgharimu mnywaji kiasi hiki, amueni mkijua.

Upande wa breve nitasema kidogo, ingawa ndio unaozungumzwa kidogo kuliko yote. Mkongomani akivumbua kitu leo, karatasi ya ministeri ya Viwanda inamlinda ndani ya mipaka yetu; hatumo kwenye jumuiya za breve za Afrika, OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare, akitaka ulinzi Zambia aende Zambia, akitaka Angola aende Angola. Yale maroboti ya kuongoza magari ambayo injinia Thérèse Izay na wenzake waliyasimamisha Kinshasa mwaka 2013 yalizunguka dunia kwenye televisheni, na nilipoyaona swali langu halikuwa yanafanyaje kazi, lilikuwa karatasi yake iko wapi. Peru kwenye hili walikwenda mahali sikutarajia. Mwaka 2002 walitunga sheria namba 27811 ya kulinda maarifa ya wenyeji wao, waganga, wakulima wa milimani, watu wa msituni, na Indecopi ndiyo inatunza daftari. Liko daftari la wazi, ambalo linapelekwa kwa ofisi za breve za nchi za nje ili asije mtu akajifanya amevumbua kile bibi wa kijijini alikijua tangu zamani, na liko la siri, kwa yale ambayo wenyewe hawataki yatoke. Walijifunza kwa uchungu: mzizi wao wa maca ulipewa breve Marekani mwaka 2001 kwa kampuni ya kule, na 2004 wakaunda tume ya taifa ya kupambana na wizi wa namna hiyo, Indecopi ikiwa kiongozi wake. Nchi yenye msitu kama wetu haina daftari hata moja la hivyo ambalo mganga wa Kipushi ama wa Bunkeya angeweza kulikuta. Hapo ndipo paa moja linanishawishi hata kwenye breve, maana anayetoa kufuli ni yuleyule anayeulizwa kama mlango ulikuwa wa mtu mwingine.

Nirudi kwa kijana wa mifuko, nisije nikamkimbia. Je, ana haki? Ana haki hivi: ukichukua Indecopi nzima ukaishusha Kinshasa na kuipa pesa ya faini zake yenyewe, utapata kile anachosema, na tawi lake la Lubumbashi litakuwa na kiti, meza na mtu anayekuambia urudi kesho. Tume ya ushindani tunayo tayari tangu sheria ya 2018, na pale sokoni sikukuta hata mmoja anayeijua jina. Kuna pia hatari nyingine: tume ya kuondoa vizuizi inaweza kutumiwa na mkubwa kuondoa kizuizi ambacho kilikuwa cha haki, kile cha kulinda maji ya mto dhidi ya kiwanda cha shaba kwa mfano, na hapa Katanga hilo si la kuwaza tu. Wafanyabiashara wakubwa ndio wenye wanasheria, ndio watakaowahi kugonga mlango. Hii inanisumbua kuliko habari ya kufuli na nyundo, na wanaoshabikia Indecopi, mimi nikiwa mmoja wao, hatuizungumzi vya kutosha.

Lakini hana haki hivi: biro za mpakani anazozikataa zinakula kwa kila kamyo inayopita. Tume ya vizuizi haina kamyo ya kusimamisha. Mtu anaiendea mwenyewe akitaka, na asipoiendea hailali na njaa kama bajeti yake imepangwa bungeni na faini zinaingia hazina ya Leta moja kwa moja, si kwenye droo yake. Hapo ningeachana na Peru waziwazi, ada na faini zisiwe chakula chake. Na ningeanza na chumba kimoja tu, kile cha vizuizi, ndani ya COMCO hiihii iliyopo, na meza yake ya kwanza isiwe Kinshasa, iwe Kasumbalesa, na kitabu chake cha kwanza kiwe ile amri ya huduma nne. Kartele zitafuata, na breve zitafuata. Wakishindwa kuhesabu mpaka nne, hatuna haja ya kuwapa hesabu ngumu zaidi.

Jumamosi nilirudi kwa yule mama kununua unga, nikamweleza habari ya Peru, nikaruka mambo ya sinema, nikakaa kwenye ile tume ya kuichunga Leta. Alisikiliza huku anapima. Nilipofika kwenye faini akasimamisha kopo.

"Ile amande, anailipa nani? Leta, ao ule chef yeye mwenyewe?"

Nikamwambia inaweza kumwangukia chef mwenyewe, kwa jina lake.

"Ku mufuko yake?"

Ku mufuko yake.

Akatazama upande wa barabara ambako kamyo moja ilikuwa inashusha mifuko, akanijazia kopo mpaka unga ukamwagika pembeni, kitu ambacho hajawahi kunifanyia.